Harufu tatu ndani ya kasha moja: kisa cha vichezeo vya plastiki vya mtumba

Mzigo ulikuja ndani ya kasha la kadibodi, na kasha lenyewe limetiwa kwenye mfuko wa nailoni uliopigwa mafundo mawili. Mwenye mali ni dada anayekusanya vichezeo vya zamani, na mzigo huu aliununua wote kwa pamoja bila kuchagua, kama ilivyo kawaida ya mitumba: ukikitaka kimoja kizuri, beba na wenzake. Ndani kulikuwa na farasi wadogo wa vinaili wa My Little Pony, wale wa kizazi cha kwanza waliotengenezwa na Hasbro miaka ya 1980. Matofali ya LEGO yaliyochanganyika. Mwanasesere mwenye kichwa cha vinaili na kiwiliwili cha kitambaa. Na mwanasesere mwingine mgumu, mkongwe kuliko wote, mwenye macho ya kufumba na kufumbua, wa aina iliyokuwa ikitengenezwa miaka ya 1950.

“Fundi, vinanuka sigara,” aliniambia. “Nimeosha, nimeanika, nimepulizia manukato, wapi! Nikifungua kabati asubuhi ni ileile.”

Kabla ya kugusa chochote nilimwomba anisimulie kila alichofanya, kwa mpangilio wake. Wengine huona maswali haya ni umbea, lakini mara nyingi harufu ninayoletewa si ya kichezeo peke yake, imechanganyika na dawa zilizojaribiwa juu yake. Yeye alianza kwa kuvianika vyote juani. Kisha akaviloweka pamoja katika beseni la maji na siki. Havikutulia, akavipulizia manukato ya chumbani. Mwisho akavisuuza kwa dawa ya kulainishia nguo, ile yenye harufu ya maua, akavirudisha kwenye kasha lilelile vilimotoka.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kasha. Kadibodi hunyonya moshi na unyevu kuliko karibu kila kitu kilichomo ndani yake, kwa hiyo kila alipomaliza kuosha alikuwa anavirudisha kwenye chanzo. Kasha hili halikuwa la kiwandani wala halina thamani, likatupwa siku hiyohiyo pamoja na mfuko wake. La pili ni manukato na dawa ya nguo. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite, na kwenye plastiki laini mwanaharamu hapiti, anakaribishwa ndani. Dawa ya kulainishia nguo huacha utando wa mafuta juu ya kitu, utando ambao pia hushikilia manukato yasiondoke. Utando huo ukikaa juu ya moshi, moshi nao unafungiwa chini.

Kunusa kabla ya kuosha

Pua ni chombo kizuri kinachochoka upesi. Ukiinamia kasha lililojaa vitu vinavyonuka, unapata harufu moja kubwa ya jumla, na akili yako inaipa jina la ile unayoifahamu zaidi. Dada huyu anachukia sigara, kwa hiyo alisikia sigara tupu.

Nilichofanya ni kutenganisha. Kila kichezeo kiliingia peke yake kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana, ikafungwa, ikaachwa usiku kucha mahali penye joto la kawaida la chumba. Inabidi iwe kioo, kwa sababu kopo la plastiki lina harufu yake na pia linanyonya. Kulipokucha nilifungua chupa chache chache, nikitoka nje kidogo kati ya moja na nyingine, na nikamwita mtu wa nyumbani ambaye hakuwa ameambiwa lolote anuse na yeye. Mtu asiyejua anachotafuta husema ukweli zaidi.

Picha ikabadilika. Farasi wote walikuwa na sigara na maua kwa pamoja, lakini wawili kati yao walikuwa na kitu kingine chini yake, harufu ya uyoga na stoo isiyofunguliwa dirisha. Matofali ya LEGO yalikuwa na moshi kidogo tu. Mwanasesere wa kitambaa alinuka kuvu kutoka tumboni, siyo kichwani. Yule mkongwe mgumu hakuwa na moshi wa maana. Alinuka siki, na alinuka kweli.

Nilipompigia simu kumweleza, dada alicheka. “Hiyo siki ni yangu, fundi. Si nimekwambia niliwaloweka wote?”

Maelezo yake yalikuwa na mantiki, na ningekuwa sina chupa zile ningeyakubali. Tatizo ni kwamba siki ya beseni huruka na kuisha. Farasi waliolowekwa beseni lilelile, siku ileile, hawakuwa na hata chembe yake. Nitamrudia mkongwe huyu, kwa sababu yeye ndiye aliyebadilisha uamuzi wote wa mwisho.

Kwa nini moshi ulirudi kila mara

Watu husema “plastiki” kana kwamba ni kitu kimoja. Katika mzigo huu peke yake kulikuwa na angalau aina tano, na kila moja hushika harufu kwa namna yake.

Matofali ya LEGO, tangu 1963, yametengenezwa kwa ABS, plastiki ngumu ambayo harufu nyingi hubaki juu juu ya ngozi yake. Yaliingia kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo na manukato, yakasuguliwa kwa mswaki laini kwenye mashimo ya chini, yakasuuzwa, yakakaushwa. LEGO wenyewe wanashauri maji yasizidi nyuzi joto 40. Sina zaidi ya kusema juu yao. Jioni matofali yalikuwa tayari.

Vinaili, yaani PVC, ni habari nyingine. PVC kwa asili yake ni ngumu, ile ya mabomba ya maji. Ili iwe mwili laini wa farasi au shavu la mwanasesere huchanganywa na kilainishi, yaani kimiminika cha mafuta mafuta, na katika vichezeo vya miaka ile kwa kawaida kilikuwa cha jamii ya fthaleti. Kiasi chake si kidogo: kinaweza kufika theluthi ya uzito wote wa kitu, hata kupita. Na hakijaungana na plastiki kikemia; kimekaa tu katikati yake. Sasa fikiria kichezeo hicho kimekaa miaka katika chumba cha mvutaji. Nikotini na kemikali nyingine za moshi hupenda mafuta. Zikitua juu ya vinaili hazikai juu, huyeyuka na kuingia ndani ya kile kilainishi. Naftalini ya kuzuia nondo hufanya vivyo hivyo. Manukato ya dada nayo yalifanya vivyo hivyo.

Ndiyo maana kuosha kulionekana kufaulu kisha kukafeli. Sabuni inaondoa kilicho juu. Kilichoingia ndani kinaanza safari ya kutoka, polepole, na baada ya muda uso wa plastiki umejaa tena. Ni kama godoro lililolowa: juu limekauka unalala, usiku wa manane unashtuka mgongo umelowa. Hakuna mtu aliyeosha vibaya. Awamu ya kwanza ilikwisha na ya pili ikaanza, na mwenye kichezeo hakujua kwamba kuna ya pili.

Safari hiyo ina hesabu yake, nayo inaumiza. Muda ambao kemikali huchukua kutoka ndani ya plastiki hukua kwa mraba wa unene. Vinaili yenye unene maradufu haihitaji muda mara mbili, inahitaji takriban mara nne. Vichwa vya farasi hawa, hasa sehemu ya pua, ni vinene kuliko mbavu zao. Mwanzoni kabisa nilimwambia dada kwamba miili itapona mapema na vichwa vitachelewa, asije akadhani nimechoka kazi.

Mpangilio wa kuosha

Siki ya dada haikuwa wazo baya. Ilikuja zamu isiyo yake. Nikotini ni besi, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi dhaifu inageuka chumvi, na chumvi hiyo haipai hewani kama nikotini yenyewe na huyeyuka vizuri kwenye maji. Baadhi ya kemikali zinazofanya moshi wa zamani unuke vile, zile za jamii ya piridini, nazo ni besi. Kwa hiyo suuzo la asidi lina kazi halali kabisa kwenye sigara. Bekingi soda, ambayo kila mtu huikimbilia, ni alkali kidogo. Inafaa harufu za uchachu na jasho, lakini kwa nikotini haisaidii lolote la maana. Nimeona watu wakizika vichezeo vya mvutaji ndani ya bekingi soda na kushangaa. Unga unaingia kwenye nywele na viungo, harufu inabaki palepale.

Ila asidi haiwezi kufika kwenye nikotini iliyofunikwa na lami ya moshi, na lami hiyo imefunikwa na mafuta ya dawa ya nguo. Nilianza na sabuni. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na harufu, mswaki laini, na uvumilivu kwenye mikunjo ya kwapa na chini ya kwato. Beseni la kwanza liligeuka hudhurungi, na juu yake kukaelea utando wenye harufu ya maua. Hilo lilirudiwa mpaka maji yakabaki maji. Baada ya hapo ndipo likaja suuzo la siki nyeupe, sehemu moja kwa nne za maji, kwa dakika chache, kisha maji safi mengi.

Nywele za farasi, ambazo ni nailoni kwa wengi wao, zilioshwa peke yake kwa mkono. Sehemu kubwa ya manukato ilikuwa imejificha humo.

Spiriti nilikataa. Huingia kwenye vinaili na kutoka na kilainishi, na juu ya hapo inachukua rangi. Nilipaka tone moja kwa pamba ya kijiti kwenye alama ya nyonga ya farasi ambaye alama yake ilikuwa tayari imeharibika, na pamba ikarudi na rangi ya waridi. Kwa macho yaliyochorwa kiwandani miaka ya 1980, hiyo ni hasara isiyolipika. Asetoni usiitaje kabisa: inayeyusha ABS na polistirini papo hapo.

Jua pia lilisimama. Linapasha joto, na joto kweli huharakisha harufu kutoka, lakini mionzi yake huanza kuivunja PVC na kufifisha rangi. Mmoja wa farasi alikuwa na ubavu mmoja mweupe na mwingine wenye umanjano. Nadhani ni kutokana na kuanikwa, ingawa huenda aliupata kwa mwenye mali wa kwanza. Chumba chenye joto la kawaida, kivuli na feni kinatosha.

Dada aliuliza kuhusu friza, alikuwa ameisikia mahali. Baridi hupunguza kasi ya harufu kutoka, basi. Kichezeo kikitoka kwenye friza hakinuki, kikipata joto kinanuka. Mashine za ozoni nazo aliziuliza. Ozoni inaua harufu nyingi, ni kweli, lakini inashambulia mpira, na wanasesere wengi wa zamani wameungwa viungo kwa mpira wa ndani. Unaweza kupata mwanasesere asiyenuka ambaye mikono imeanguka chini.

Ndani ya farasi wawili

Hapa ndipo kazi ilipokuwa na utamu, ikiwa naruhusiwa kuuita hivyo. Wale wawili wenye harufu ya uyoga walikuwa wameogeshwa na watoto, miaka mingi iliyopita. Farasi hawa ni watupu ndani. Maji hupenya kwenye kiungo cha shingo na kwenye tundu la mkia, na yakishaingia kwenye mguu hayana njia ya kutoka. Kuvu haihitaji zaidi. Chakula chake ni mabaki ya sabuni, mafuta ya ngozi na vumbi, na baadhi ya kuvu huweza kula hata vilainishi. Ukimtikisa mmoja wao sikioni ulisikia kitu kikavu kikigonga ndani.

Kichwa hutoka kikipashwa joto. Nilishika shingo kwenye maji ya moto ambayo mkono unayavumilia kwa shida, siyo yanayochemka, mpaka vinaili ikalegea, kisha nikakiviringisha kichwa nje taratibu badala ya kukivuta. Ukivuta, mdomo wa shingo unachanika, na mchaniko wa shingo hauna gundi inayoupenda.

Ndani, mguu wa mbele wa kulia ulikuwa na vidoa vyeusi mpaka kwatoni. Kilichokuwa kinagonga ni magamba ya kutu. Mkia wa farasi hawa unashikiliwa kwa ndani na washa, yaani pete bapa ya chuma, na washa hiyo ilikuwa imevimba na kugeuka unga wa kahawia uliotia doa sentimita nzima ya mkia na kulifanya tundu la nyuma kuwa la rangi ya machungwa. Kutu yenyewe hainuki sana, lakini inashika unyevu, na unyevu unalisha kuvu. Ukisafisha mwili ukaiacha washa, umeacha mbegu.

Washa ikatoka kwa koleo ya ncha nyembamba. Badala yake mkia ulifungwa kwa kamba ya plastiki ya kubania nyaya, iliyokatwa fupi. Wakusanyaji wengi hufanya hivyo na ndani haionekani. Mwili ulisuguliwa kwa brashi ya chupa na sabuni, ukasuuzwa, kisha ukajazwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kawaida ya kusafishia, huku nywele zikiwekwa mbali ili zisipauke. Inatoa mapovu pale penye uchafu, na mapovu yakipungua unajua kazi inapungua. Ikamwagwa, ikasuuzwa.

Dawa ya klorini dada alikuwa nayo na alitaka niitumie. Hapana, kwa sababu mbili. Inapausha nywele na kuacha harufu yake ndani ya vinaili, hiyo ya kwanza. Ya pili ni hatari: klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na nyumba yake ilikuwa imejaa siki. Peroksaidi nayo isichanganywe na siki katika chombo kimoja, kwa maana hutengeneza asidi kali inayowasha macho na kifua. Kimoja, suuza, ndipo kingine. Na unapofungua kitu chenye kuvu kavu, vaa barakoa na glovu, fungua madirisha.

Kukausha kulichukua muda kuliko kuosha. Niliingiza utambi wa pamba kwenye kila mguu kwa kibano, nikaubadilisha kila ulipolowa, kisha miili ikasimamishwa shingo chini mbele ya feni. Kichwa hakikurudishwa mpaka utambi mkavu uliokaa usiku mzima ukatoka mkavu vilevile.

Mwanasesere wa kitambaa nampitia haraka. Mshono wa mgongo ulifumuliwa, na sifongo ya ndani ikamwagika kama unga wa manjano. Ni poliurethani, ikizeeka inavunjikavunjika, na ikishashika kuvu haioshwi. Ikatupwa, kitambaa kikafuliwa kwa mkono, tumbo likajazwa nyuzi mpya za poliesta. Nilimwandikia dada karatasi ya kueleza kilichobadilishwa, maana siku akimuuza mnunuzi ana haki ya kujua.

Mkaa, na lini uutoe

Baada ya kuosha, farasi waliwekwa hewani kwa siku kadhaa, kisha kwenye vyombo vya kioo vilivyofungwa pamoja na mkaa amilifu, ule wa vichujio vya maji na matangi ya samaki. Mkaa wa kupikia haufanyi kazi hiyo kwa kiwango hicho. Ukae kwenye kikombe au mfuko wa kitambaa, usiguse plastiki, maana unatia weusi. Mkaa hauvuti harufu kutoka ndani ya plastiki. Unachofanya ni kuisafisha hewa iliyo pembeni, ili harufu inayotoka isirudi. Kasi bado ni ya plastiki yenyewe.

Jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha ni kwamba mkaa hauchagui. Unachukua nikotini, na unachukua kilainishi pia. Yvonne Shashoua, mtafiti wa uhifadhi wa plastiki katika Makumbusho ya Taifa ya Denmark, alichunguza jinsi PVC laini inavyozeeka kwenye makumbusho, na moja ya matokeo yake ni kwamba kuihifadhi na mkaa amilifu kunaharakisha kupotea kwa kilainishi, wakati chombo cha kioo kilichofungwa kinakipunguzia kasi. Kilainishi kikipotea, vinaili inasinyaa, inakakamaa, mwisho inapasuka. Kwa hiyo mkaa unapewa muda wake kama dozi, hauachwi kabatini milele. Wapo wanaoweka vifuko vyake kwenye kila kabati la wanasesere “kwa usalama”. Nadhani wanajipunguzia miaka.

Kipimo cha kuutoa ni chupa ileile ya mwanzo. Kichezeo peke yake, usiku kucha, mahali penye joto. Kikipita, kipumzike, kirudiwe tena. Kikipita mara ya pili, mkaa umemaliza kazi.

Mkongwe

Sasa siki. Mwanasesere huyu aliletwa na kidole kilichovunjika, kipande kimebaki ndani ya kasha, na kipande hicho kilinisaidia kuliko mwili mzima. Plastiki ngumu ya miaka hiyo inaweza kuwa polistirini, selulosi asetati, au hata seluloidi ya kabla yake. Kwenye maji matupu zote tatu huzama. Kwenye maji yaliyokolezwa chumvi mpaka hayapokei tena, polistirini huelea. Kidole kilizama moja kwa moja. Zikabaki mbili. Seluloidi ikilowekwa kwenye maji ya vuguvugu au ikisuguliwa kwa kidole gumba hutoa harufu ya kafuri, hiki hakikutoa. Kuna watu wanaopima kwa sindano ya moto. Seluloidi inawaka kwa kishindo, wasifanye.

Basi ni selulosi asetati, na siki ilikuwa yake mwenyewe. Plastiki hii ikizeeka, hasa kwenye joto na unyevu, hujivunja na kutoa asidi asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki. Asidi hiyo nayo inaharakisha uvunjikaji, kwa hiyo ikishaanza inajisukuma. Watunza filamu za zamani wanaufahamu ugonjwa huu vizuri. Nilitumia kibanzi cha A-D, kile kilichobuniwa na Image Permanence Institute, taasisi ya uhifadhi wa picha, kwa ajili ya filamu za asetati: ni cha buluu, na asidi hukigeuza kijani kisha manjano. Chake kiligeuka manjano.

Hapa dada alinyamaza kidogo kwenye simu. “Kwa hiyo siki yangu ndiyo iliyomuua?”

Hapana, mama. Ugonjwa ulianza zamani, chembe ya siki kwenye beseni haiwezi kuufanya huo. Kumlowesha hakukumsaidia, lakini hakukumtia maradhi. Kilichotokea ni kwamba siki ya beseni iliificha siki ya mwanasesere, na asingeijua mpaka viungo vianze kupinda.

Harufu hii haiondolewi, kwa sababu haikuingia kutoka nje. Bekingi soda ingetuliza asidi iliyoko juu, na plastiki ingetoa nyingine. Kumfungia kwenye mfuko ni kumfungia na sumu yake. Anachohitaji ni hewa, ubaridi na ukavu, na kukaa mbali na wengine. Mvuke wake unakula chuma, na macho yake ya kufumba yana waya na uzito ambao kwa wanasesere wa namna hii mara nyingi ni wa madini ya risasi. Asidi asetiki hugeuza risasi kuwa unga mweupe wenye sumu. Niliuona unga huo kwenye tundu la jicho la kushoto, nikamwambia dada asimpulizie wala kumsugua hapo, anawe mikono kila akimshika, na asimpe mtoto kabisa.

Alikuwa amepanga kuwaweka wote kwenye kabati moja la kioo sebuleni, mkongwe katikati na farasi wakimzunguka. Huo ndio mpango uliovunjika. Mkongwe sasa yuko kwenye sanduku la wazi lenye karatasi isiyo na asidi, kwenye rafu ya chumba cha baridi kuliko vyote nyumbani, peke yake.

Swali la mjukuu

Aliuliza pia kama mjukuu wake anaweza kuchezea farasi sasa kwa kuwa wamesafika. Kuondoa moshi si kuondoa fthaleti. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya 2005, na Marekani, kwa sheria ya 2008, waliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa fthaleti kadhaa kwenye vichezeo, kilainishi kiitwacho DEHP kikiwemo, na farasi wa miaka ya 1980 walitengenezwa kabla ya sheria hizo zote. Mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe. Mkubwa anayejua kucheza na kunawa, hilo ni la wazazi wake kuamua wakiwa wamejua. Dada alichagua matofali ya LEGO kwa mjukuu, ambaye ametoka kwenye umri wa kumeza vitu, na farasi kwa kabati.

Miili yote ya farasi ilipita chupa mara mbili. Vichwa viwili bado vilitoa moshi kidogo vilipopata joto, kimoja puani hasa, kwa hiyo vilirudi nyumbani vikiwa vimetenganishwa na miili, kwenye chupa zao na mkaa mpya. Maagizo ni kubadilisha mkaa, kupima tena baada ya wiki chache, na kuvirudisha shingoni pale tu vitakapopita. Kama vinaili ya shingo itaanza kukakamaa kabla ya moshi kwisha, mkaa utolewe hata hivyo, abaki na sigara kidogo.